Maswali ya Wasomaji: Mbu Wamejaa Mtaani, Tupulize Dawa au Tungoje?

Mvua ya masika imeacha mbu kila pembe ya mtaa wetu wenye nyumba 64. Kampuni moja inataka shilingi 9,000 kila Jumamosi saa tano asubuhi ili ifukize dawa kwa mashine. Wakazi wamegawanyika. Isitoshe, mpangaji mmoja amerudi kutoka Mombasa akiugua homa ya dengi. Tulipe?
*Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, Donholm*

Moshi wa kila Jumamosi saa tano msiulipie. Huyo mgonjwa wa dengi ndiye anayeweza kuwalazimu kupuliza, tena haraka.

Kwanza mjue ni mbu gani. Anayewanyima watu usingizi Nairobi kwa kawaida ni Culex, wa kahawia, mzaliwa wa mitaro ya maji machafu na mashimo ya choo. Anakera, ila dengi si kazi yake. Dengi huenezwa hasa na Aedes aegypti: mweusi, miguu ina mapete meupe, huuma mchana na hupenda vifundo vya miguu. Huyu huzaliana kwenye mapipa, matangi, matairi na visahani vya maua. Mgao wa maji ukiwafanya wakazi wajaze mapipa yasiyo na vifuniko, mnamfuga wenyewe. Mfunike kwa glasi akitua ukutani, pitisha karatasi ngumu chini, mtie kwenye friza nusu saa, kisha mpige picha ya karibu kwa simu. Mapete yataonekana.

Pili, hesabuni siku. Mgonjwa wa dengi anaweza kumwambukiza mbu tangu siku moja au mbili kabla ya homa hadi karibu siku ya tano ya homa. Mbu aliyemnyonya naye hawi hatari siku hiyohiyo. Virusi huchukua kama siku 8 hadi 12 kukomaa mwilini mwake, na zaidi kukiwa na baridi. Tuseme homa ilianza tarehe 2 na mgonjwa akashuka kwenye treni Syokimau tarehe 4. Hadi tarehe 7 hivi alale ndani ya neti hata mchana, maana ndizo siku ambazo mbu wenu wanaweza kuchukua virusi kwake. Kuanzia tarehe 12 mbu hao wanaweza kuambukiza majirani. Kupuliza kunafaa kabla ya hapo, nyumbani kwake na nyumba zote za jirani, walau mita 100 kila upande, kwa kuwa Aedes haruki mbali. Barua husafiri polepole kuliko mbu, kwa hiyo huenda kwa mpangaji wenu siku hizo zimeshapita. Aliyepona mwezi uliopita hahitaji moshi. Lakini mtu akipatikana na dengi bila kusafiri katika siku 14 kabla ya homa, basi mbu wa hapo wameshaanza kuambukiza: mwarifuni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo siku hiyohiyo.

Tatu, kagueni maji. Mkipita nyumba 60 na kukuta viluwiluwi katika 6, hiyo ni asilimia 10. Vyombo vyenye viluwiluwi vikiwa 15, hiyo ni vyombo 25 kwa kila nyumba 100. Kwa desturi, asilimia 5 ya nyumba au vyombo 20 kwa nyumba 100 huhesabiwa kuwa hatari. Tusiviabudu viwango hivyo, maana dengi imewahi kuenea hata chini yake. Tena viluwiluwi peke yake, bila mgonjwa, dawa yake ni kumwaga maji, kusugua kuta za pipa (mayai hugandama hapo na hustahimili ukavu kwa miezi) na kufunika.

Mkiamua kupuliza, angalieni saa. Saa tano jua limepasha lami, hewa inapanda na dawa inapanda nayo juu ya mapaa. Wakati mzuri ni alfajiri hadi saa mbili, au saa kumi na moja jioni hadi magharibi, upepo ukiwa kati ya kilomita 4 na 15 kwa saa: majani yanatikisika, matawi hayayumbi. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Matone yawe ya mikroni 10 hadi 30 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Makubwa huanguka chini, madogo mno hupeperuka.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni gari kupita barabarani huku milango imefungwa. Aedes amejificha chini ya kitanda na nyuma ya nguo kabatini! Mashine ya mgongoni iingie ndani, chakula na maji vikiwa vimefunikwa, samaki wa tangi na paka wametolewa, na watu wakae nje hadi ukungu utulie na nyumba ipate hewa. Dawa hii haibaki ukutani. Pupa (viluwiluwi waliokaribia kugeuka mbu) walio majini hawaguswi na kesho watakuwa mbu, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 3 hadi 7, mapipa yakiwa yameshamwagwa.

Mwagizeni fundi aweke mbu hai kwenye vizimba viwili vya wavu, kimoja ndani ya eneo na kingine mbali na dawa, kisha mhesabu waliokufa baada ya saa 24. Wa ndani wakibaki hai wengi, ama dawa haikufika au mbu ni sugu kwa pairethroidi, aina ya dawa inayotumika sana kupuliza mbu. Kuongeza kipimo hakusaidii.

Mwanangu alipimwa malaria ikapatikana wiki mbili baada ya kutoka Busia. Nipulize nyumba?
*Mama, Kayole*

Hapana, mama. Malaria nyingi inayotibiwa Nairobi hutoka safarini. Vimelea havikomai ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, na usiku wa hapa huwa wa baridi. Mpe dozi yote, mlale ndani ya neti mkienda Busia. Angekuwa hajasafiri, tungetaka afisa wa afya ajue, kwa sababu Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayezoea matangi ya mjini, alitangazwa kupatikana Kenya mwaka 2023.

Naweza kuchanganya dawa ya shamba na dizeli nimwage mtaroni?
*Keateka (msimamizi wa nyumba), Kilimani*

Usithubutu. Tumia tu dawa yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu, iliyoandikwa kwamba ni ya mbu. Shida yako ni Culex, na anatoka kwenye shimo la maji taka: ziba nyufa za mfuniko kwa saruji, funga wavu kwenye bomba la hewa, zibua mtaro utiririke. Kwa choo cha shimo chenye maji, chembe za polistireni (plastiki nyepesi nyeupe ya kufungashia vitu) zinazoelea huziba uso wa maji. Zilitumika Makunduchi, Zanzibar, na mbu wakapungua sana.