Fundi Anajibu: Mono Mbili au Stereo Moja?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina spika za rafu za omu 4, unyeti wa desibeli 85, na nakaa mita tatu kutoka zilipo. Dukani nimeoneshwa amplifaya mbili ndogo za mono (kila moja huendesha spika moja) za klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi, zenye IC (chipu) ya TPA3255, kila moja imeandikwa wati 300. Ipo pia stereo moja yenye IC hiyohiyo kwa karibu nusu ya bei. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Achana na boksi kwanza, geuza adapta usome lebo yake. Zidisha volti kwa ampea: 48 mara 5 ni wati 240, na kama sehemu ya kumi huishia kwenye joto. Wati 300 mfululizo zitatoka wapi? Labda kwa dundo moja la ngoma. Adapta ya volti 32 na ampea 5 ni wati 160 tu. Volti nazo zina mpaka wake: kwa volti 48, amplifaya ya aina hii hufika takriban wati 130 kwenye omu 8 kabla sauti haijaanza kukwaruza, kwa volti 32 ni kama 55. Ampea hata ziwe nyingi kiasi gani, mpaka huo hausogei.

Tena, kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu. Kwa mita tatu, wati 100 zinatosha kukugombanisha na jirani, kwa hiyo usinunue mono kwa kutafuta ukubwa wa sauti. Faida yake ni nyingine: kila upande una adapta yake, unaweza kuiweka nyuma ya spika ukatumia waya mfupi, na nyingi, kama Fosi Audio V3 Mono, zina tundu la XLR, yaani plagi ya pini tatu.

Swali la maana zaidi muulize muuzaji: je, ina PFFB (post-filter feedback)? Baada ya IC kuna koili na kapasita za kuchuja. Fidibeki, yaani ishara ya kutokea inayorudishwa ili amplifaya ijisahihishe, ikichukuliwa kabla ya chujio hilo, sauti za juu hufuata omu za spika: kwenye omu 8 hupanda karibu na 20 kHz, kwenye omu 4 hushuka. Ndiyo maana mtu mmoja husema mashine hii ni kali na mwingine husema imefifia, wote wakiwa wakweli. PFFB huchukua fidibeki baada ya chujio, na tofauti hiyo karibu inaisha. Moduli za amplifaya za Hypex NC400 hufanya hivyo tangu zilipobuniwa, lakini utazifunga mwenyewe kwenye kasha pamoja na pawa saplai inayobeba umeme wa ukutani. Si kazi ya kujifunzia.

Stereo ikiwa na PFFB na adapta ya volti 48, chukua hiyo. Mono zina haki ya bei yake endapo spika zimeachana sana, au omu zake hushuka chini ya 3.

SWALI: Mono zangu mbili zimeungwa kwa waya za RCA na DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa ishara ya umeme. Nikisogeza sikio kwenye twita nasikia "shii", na kuna mvumo hata muziki ukisimama.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. "Shii" mara nyingi ni geini, yaani kiasi amplifaya inavyokuza ishara. Swichi yake ikiwa 31 dB, irudishe 25. Hapo volti 2 za DAC huzidishwa karibu mara 18, yaani volti 36, wakati amplifaya yenyewe, kwa adapta ya volti 48, hugota kwenye volti 32 hivi. Hupotezi chochote.

Mvumo: chomoa RCA zote mbili kwenye amplifaya. Ukikoma, tatizo ni mzunguko wa athi, yaani vifaa vimeungana athi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka adapta zote na DAC kwenye ekstensheni moja, kisha chomoa waya wa antena au dishi kwenye TV kama imeungwa na DAC. Mvumo ukibaki hata baada ya hapo, tengeneza waya wa RCA kwenda XLR kwa kebo ya nyuzi mbili yenye shildi (wavu wa nje): pini 2 kwenye ncha ya katikati ya RCA, pini 3 kwenye ganda lake, shildi kwenye pini 1 na kwenye ganda hilohilo. Kosa la kawaida ni kuunganisha pini 1 na 3 ndani ya XLR. Ukifanya hivyo mvumo unarudi palepale.

SWALI: Sabufa yangu ina matundu ya waya za spika. Naweza kuunganisha nyaya nyeusi za mono zote mbili ziwe moja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Kwenye amplifaya hizi waya mweusi si athi. Weka mita kati ya tundu jeusi na ganda la RCA: kwa adapta ya volti 48 utasoma karibu volti 24 za DC, ilhali kati ya jekundu na jeusi ni karibu sifuri. Ukiugusisha mweusi na athi ya sabufa, bahati yako iwe protekshoni imewahi, la sivyo IC inaungua. Chukua sauti ya sabufa kwenye DAC kwa waya wa RCA wa kugawa.