Dogo wa Mbagala, usitoe hata mia kabla hujaishika kadi ya pikipiki

Dogo, achana na kuchagua pikipiki, Boxer au TVS, kwanza. Achana na oili. Umeuliza maswali matano hapa kwenye uzi, na lile la hatari umelichomeka mwishoni kwa mstari mmoja: kuna bro wa kijiwe cha bodaboda kwenu Rangi Tatu ana pikipiki ya mkataba, unampa kianzio laki 3, hesabu ya kumpelekea elfu 10 kwa siku, Jumapili yako, miezi 15 chombo kinakuwa chako, na hamuandikishani kwa sababu "tunaaminiana, ni mtu wetu". Halafu wachangiaji wote waliotangulia wanabishana kabureta ya ipi inakula mafuta. Jamani, mtu anazama nyie mnajadili rangi ya mtumbwi?

Mimi niliyasema maneno hayo hayo, tofauti ni kwamba yalitokea upande wa Kimara. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, alikuwa mtu wa kuheshimika, anasalimia wazee, akipita kijiweni ananunua chai ya watu wote. Aliyeniunganisha naye alikuwa mwenzetu wa kijiwe, mkongwe, tunamwita kaka. Huyo kaka ndiye ninayetaka kumsema kabla sijasahau. Nilimuuliza, "Kaka, huyu jamaa yukoje?" Akanijibu anamfahamu tangu anauza mitumba Manzese, hana shida, hela ya mtu hali. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kwa kila dogo anayempeleka anapewa chake. Sikatai mtu kula udalali, mjini hapa kila mtu ana rizki yake. Lakini sema basi! Sema "dogo, mimi hapa ni dalali," nijue naongea na nani. Usinivalie sura ya kaka wakati upo kazini. Mpaka leo tukikutana kwenye foleni ya mafuta ananipigia honi na kunyoosha mkono kwa furaha. Namrudishia mkono, nifanyeje, tulishazikana wazazi.

Sasa sikia ilivyokwenda. Niliomba kadi, ile ya usajili wa chombo. Ndiyo, niliomba, sikuwa mjinga kiasi hicho (nilikuwa mjinga kiasi kingine). Tajiri akanipa kopi. Kopi safi, ina namba ya usajili (MC), namba ya chesisi, namba ya injini, na jina lake. Nikalinganisha na kitambulisho chake, jina ni lile lile. Nikaikunja nikaiweka chini ya siti na bima, nikaanza kazi. Ile kopi nilikuwa naionyesha kwa trafiki bila wasiwasi wowote. Na kwa muda wote huo sikuwahi kujiuliza kwa nini chini ya jina la mwenye chombo kuna sehemu nyeupe pana kuliko nafasi nyingine zote kwenye ile karatasi. Mtu alikuwa ameweka kipande cha karatasi juu ya kadi wakati wa kutoa kopi. Basi. Teknolojia yote iliyonimaliza ni kipande cha karatasi nyeupe.

Kilichofichwa pale ni jina la pili. Pikipiki ikinunuliwa kwa mkopo, mara nyingi kadi inaandikwa majina mawili, la mkopaji na la mkopeshaji, na kadi yenyewe inakaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Tajiri wangu hakuwa na pikipiki. Alikuwa na deni. Mimi nikawa nampelekea hesabu kila jioni, yeye marejesho anapeleka akijisikia, mwisho akaacha kabisa kujisikia.

Na kuna kitu kingine nilikiona nikakipita. Pikipiki mpya inatoka dukani na funguo mbili. Nilipouliza ya pili, akasema ilipotea, "watoto wameichezea". Nikacheka. Nina watoto pia, naelewa.

Ufunguo wa pili niliuona siku nilipokuwa namsubiri abiria pale Ubungo. Wakaja vijana wawili, wapole kabisa, wana karatasi. Mmoja akasoma namba ya chesisi huku mwenzake ameinama anafuta vumbi kwa kidole pale kwenye shingo ya chombo, wanasomeana tarakimu moja moja mpaka ya mwisho. Nikaanza kupiga kelele, nikidhani ni wezi, na waendesha boda waliokuwa karibu wakaanza kujaa, unatujua tulivyo. Yule kijana hakubishana na mtu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wenye kipande cha plastiki cha dukani bado kinaning'inia, akauchomeka, akawasha. Chombo kikaitika. Kelele zote zikazima, maana unamwita mtu mwizi vipi na ufunguo anao? Mmoja wa waliokuja kunitetea akaniangalia akaniuliza taratibu, "Kadi unayo?" Nikatoa kopi. Akaisoma, akanirudishia, akapanda chombo chake akaenda zake. Sikumlaumu.

Nilikuwa nimebakiza kama miezi miwili tu kumaliza mkataba. Nimeshabadilisha tairi zote mbili kwa hela yangu, cheni na sproketi mpya, nimeweka na siti nzuri ya kushonesha. Hata abiria niliyekuwa namsubiri alitokea akaniuliza tunaenda au hatuendi.

Tajiri nilimpigia. Mara ya kwanza akapokea, akaniambia nitulie, analishughulikia. Baada ya hapo namba haipatikani. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alinisikiliza vizuri sana, mwisho akauliza: "Mliandikishana wapi?" Hatukuandikishana. "Risiti za malipo?" Sina. "Ulikuwa unamtumia kwa simu?" Hapa ndipo nilitamani ardhi inimeze. Mwanzoni nilikuwa natuma kwa simu, tajiri akaniambia makato yanatuumiza wote wawili, bora niwe nampitishia mkononi jioni. Nikaona ananijali. Kumbe alikuwa anafuta nyayo. Makubaliano ya mdomo sheria inayatambua, usidanganywe kwamba bila karatasi huna haki, lakini lazima uthibitishe mlikubaliana nini na umelipa kiasi gani, na mimi shahidi niliyekuwa naye ni yule kaka dalali, ambaye siku hiyo alikuwa amesafiri kwenda msibani. Msiba wa nani, hadi leo haujajulikana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: kadi halisi mkononi mwako, isome, kabla ya shilingi ya kwanza. Kopi siyo kadi. Picha ya WhatsApp siyo kadi. "Iko kwa mke wangu Morogoro" siyo kadi. Ishike, isome jina moja baada ya jingine. Yakiwa mawili, uliza la pili ni la nani, na usikubali jibu la kwanza. Linganisha na kitambulisho cha NIDA cha huyo bro wako. Inama usome namba ya chesisi na ya injini kwenye chombo chenyewe, siyo kwenye karatasi. Omba funguo zote mbili. Namba ya usajili ingiza kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani uone kama ina madeni. Ni kweli tangu bajeti ya 2021 faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, lakini makosa ya mtu mwingine yakijipanga kwenye namba hiyo, siku ukikamatwa yatakuwa yako, trafiki hana muda wa historia.

Akikwambia wazi kwamba pikipiki ni ya mkopo, hilo siyo tusi. Wapo matajiri wengi waaminifu wa namna hiyo, na madereva wao wamemaliza mikataba wakakabidhiwa kadi. Lakini basi nendeni wote kwa mkopeshaji, uone deni limebaki kiasi gani na linaisha lini. Wewe unamaliza miezi 15, kama mkopo wake una miezi 24 atakukabidhi nini? Akikataa kwenda, umeshapata jibu bila kutoa hela.

Na piga hesabu, dogo, hesabu ya kweli. Elfu 10, siku 26 kwa mwezi, ni 260,000. Mara miezi 15 ni 3,900,000. Ongeza kianzio chako, 4,200,000. Matairi, oili, cheni na pancha juu yako. Nenda dukani kaulize bei taslimu ya chombo hicho hicho kikiwa kipya, halafu kumbuka kwamba cha bro wako kimeshatembea. Sisemi mkataba ni wizi. Tajiri anabeba hatari ya kumpa mtu chombo asichokuwa na uwezo wa kukinunua, na lazima ale. Nasema hela hiyo siyo ya kuitoa kwa maneno ya "tunaaminiana". Kwa hela hiyo mtu akikuuzia hata mbuzi, unamtoa kwenye gunia kwanza.

Ukishaiona kadi, mwandikishane kwa mwanasheria, au angalau mbele ya mtendaji na shahidi wa kila upande, na shahidi wako asiwe yule aliyewakutanisha. Iandikwe hesabu ni kiasi gani, chombo kikilala gereji wiki nzima inakuwaje, ukiumwa inakuwaje, kikiibiwa nani anabeba, nani analipia bima na leseni ya usafirishaji ya LATRA, na gharama za kubadilisha jina la kadi kule TRA (mamlaka ya mapato) zinatoka mfukoni mwa nani. Hilo la mwisho watu wanalisahau, wanamaliza mkataba halafu wanagombana mlangoni. Hesabu tuma kwa simu hata kama makato yanauma. Akisisitiza mkononi, liwe daftari na asaini kila siku mbele yako, na daftari likae kwako.

Najua utaniambia "nikimwomba yote hayo ataona simwamini, na kijiweni watanisema". Watakusema, ndiyo. Mimi ningependa mtu angenisema. Na hapa naomba nieleweke, maana sitaki ionekane nawatukana wenzangu. Siku nilipobaki kwa miguu, ni kijiwe kilichonilisha. Mwenyekiti alipitisha kofia, kila mtu akatoa alichokuwa nacho. Mwenzangu mmoja anayeamka usiku wa manane kupeleka watu Kariakoo na Ilala alikuwa akifika saa nne asubuhi ananipa chombo chake, yeye anaenda kulala, mimi napiga deiwaka (kibarua cha siku kwa chombo cha mwingine) mpaka jioni na namwachia mafuta. Aligoma kupokea hesabu mwezi wa kwanza wote. Ukianguka barabarani, watakaokuokota ni hao, na ndugu yako atapigiwa simu na mmoja wao hata kabla hujafika hospitali. (Wakati mwingine tunajaa hadi mwenye gari anakimbia kwa kuogopa hata kama kosa ni letu, hilo nalo tulikubali.) Pancha, ajali, msiba, mgonjwa, kuonyana trafiki wamekaa wapi: hapo amini kijiwe kwa macho yaliyofumbwa. Kwenye kadi fumbua. Watu wale wale wanaoweza kukubeba mgongoni hawajui tajiri wako ana deni wapi, na hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameuliza.

Hata yule kaka, sidhani kama alijua habari ya mkopo. Alijua tu chake anapata. Hasira yangu naye iko pale pale, lakini nimeipunguza mwendo.

Maswali yako mengine, haraka haraka. Kuingia kijiweni: usiende na chombo ukaegesha ukaanza kupakia, utazua ugomvi siku ya kwanza. Nenda kwa miguu, muulize mwenyekiti, kuna kiingilio na kila kijiwe kina chake, watataka utambulisho wa serikali ya mtaa, na uliza mapema kama wanakwenda kwa zamu au anayewahi. Michango ya misiba toa bila kusukumwa, utaikumbuka siku yako. Mshkaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo, usibebe, hata wakikubembeleza. Oili wengi tunamwaga kila baada ya wiki au siku kumi kwa mizunguko yetu ya mjini, wewe fuata kitabu cha chombo na usimsikilize fundi anayekwambia "bado ina nguvu" baada ya kuinusa. Boxer au TVS sijui umesema unataka kubeba abiria tu au na mizigo ya sokoni, nimepanda juu kuangalia sijaona, waulizeni hawa wa kabureta.

Kuna swali la nne nadhani lilikuwa la kofia. Nunua mbili.

Kesho ukionana naye mwambie hivi tu: "Bro, nimeongea na nyumbani, wanataka kuiona kadi." Sukumia nyumbani, hakuna atakayekasirika. Akikuletea halisi, ipige picha, ziba namba zote na majina, acha tu ionekane kuna mistari mingapi ya mwenye chombo, iweke hapa hapa kwenye uzi. Nitaikagua kabla sijalala. Laki 3 yako iache ilipo.