Oktava iliyounguza spika ya watu

Nilikuwa na mwaka wa tatu nikipiga gitaa la besi kwaya ya kanisani nilipojipatia prosesa ya efekti ya mtumba pale Kariakoo, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa. Jumapili moja ampu ya besi ilikuwa kwa fundi, nikachomeka kwenye ya mpiga gitaa la solo, ile yenye spika moja ya inchi 12. Pambio la pili nikakanyaga oktava, efekti inayoishusha sauti iwe nzito zaidi. Lo, ilinguruma! Hata akina mama wa sauti ya kwanza waligeuka. Dakika chache baadaye ikaanza kukwaruza, ikafuata harufu ya gundi inayoungua, kisha kimya.

Fundi aliweka vidole vinne kwenye koni akaisukuma taratibu. Koni nzima huingia na kutoka bila sauti. Hii ilitoa mkwaruzo kama mchanga chini ya ndala: koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ilikuwa imeungua, inagusa sumaku. Gharama ya kuisuka upya nililipa mimi.

Hesabu yake ni hii. Uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la kawaida hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, wa besi mara 41. Oktava ikaushusha mpaka 20 hivi. Huko chini sikio halisikii chochote cha maana, ila koni inalazimika kwenda mbele na nyuma safari ndefu ambayo spika ya gitaa haikutengenezewa. Na kwa kuwa husikii, unaongeza volumu! Siku hizi nikilazimika kupigia besi kwenye ampu ya gitaa, napiga kwa sauti ya mazoezi, napunguza besi kwenye ampu, na oktava siigusi. Gitaa kwenye ampu ya besi halina shida sana, ila ukitumia distoshani kali, ile efekti ya kukwaruza sauti, punguza twita, kispika kidogo cha sauti za juu, maana ndiyo huungua kwanza.

Preseti nazo, yaani sauti zilizohifadhiwa tayari kwenye prosesa, zipimeni nyumbani. Zinazotoka kiwandani hazilingani sauti: unatoka kwenye safi unaingia kwenye distoshani, watoto wa mbele wanaziba masikio. Kuwasha, volumu ya ampu iwe sifuri, washa prosesa kwanza, ampu mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ukipitia tundu la nyuma lililoandikwa "return", kwenye ampu nyingi kitufe cha geini cha mbele hakifanyi kazi tena, kwa hiyo anza na prosesa ikiwa chini kabisa. Tundu la spika halipeleki waya kwenye prosesa hata siku moja. Nimeona mtu akifanya hivyo. Prosesa haikuwaka tena.

Adapta ndizo zinazoua pedali nyingi, yaani visanduku vya efekti vya kukanyaga, mtaani kwetu. Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Ya modemu ya intaneti mara nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati, lakini inaingia vilevile bila kusukuma! Tazama kile kijichoro cha duara chenye alama za + na − kwenye adapta, kisha kilinganishe na cha kwenye pedali. Hata volti zikilingana, soma kama ni AC au DC.

Halafu kuna hili linalonitia hofu kweli. Ampu ikivuma, wengine hukata mguu wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, au huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili waingize plagi ya miguu miwili. Kuvuma kunaweza kuisha, ila sasa ampu ikipata hitilafu, umeme wa volti 230 unaweza kufika kwenye nyuzi, na mdomo wako uko kwenye maiki. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maiki yenye umeme. Ampu, prosesa na miksa vichomeke kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima. Bado inavuma? Weka kisanduku cha DI, kinachoandaa sauti ya gitaa iingie kwenye miksa, kati ya prosesa na miksa, ubonyeze swichi yake ya kuachanisha ethi. Hiyo inakata ethi ya waya wa sauti tu, ya soketi inabaki.