Fundi Anajibu: Fremu ya Norton, Injini ya Triumph na Hesi Zisizopatana

SWALI: Ndugu Fundi, nimekusanya vipande vya pikipiki za kale za Uingereza ambavyo havikutoka katika pikipiki moja: fremu ya Norton ya aina ya Featherbed, injini ya Triumph ya sentimita za ujazo 650 ambayo giaboksi yake ina kasha lake peke yake, mbali na la injini, foki za mbele za BSA, na magurudumu mawili nisiyojua asili yake. Rafiki zangu wananishauri nianze kwa kuipaka fremu rangi ili nipate moyo wa kuendelea. Wengine wananilaumu kwamba mseto wa namna hii ni kuharibu mambo ya kale. Nianzie wapi?

JIBU: Nianze na lawama, kwa kuwa ndiyo nyepesi zaidi. Injini ya Triumph iliyotiwa ndani ya fremu ya Norton ina jina lake, Triton, na mafundi wa Uingereza walikuwa wakiziunda pikipiki hizo tangu zama ambazo vipande hivyo vilikuwa bado vipya. Fremu ya Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless, iliingia katika mashindano mwaka 1950 na kusifiwa kwa utulivu wake kwenye kona, ilhali injini za Triumph zilikuwa nyepesi, zilipatikana kwa urahisi na zilikubali kuongezwa nguvu. Isitoshe, wakati huo madereva wa magari madogo ya mbio ya sentimita za ujazo 500 walizitamani injini za Norton Manx, pikipiki ya mbio ya Norton, na kwa kuwa kiwanda hicho hakikuwa tayari kuziuza peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini na kubaki na fremu tupu. Lawama ninayoikubali mimi ni ile ya kuibomoa pikipiki kamili yenye vipande vyake vya asili ili kupata fremu. Vipande vilivyokwisha kutawanyika havina hadhi hiyo ya kulindwa.

Kabla ya kushika spana, safisha mahali zilipogongwa namba za fremu na za injini, uzipige picha, na uulize mamlaka ya usajili inahitaji hati gani kwa pikipiki yenye injini ya asili nyingine. Fremu ambayo namba yake imefutwa au imegongwa upya hubaki kuwa tatizo la kisheria hata ikipendeza namna gani, na ni afadhali kulijua jambo hilo sasa kuliko baada ya kutumia fedha.

Kuhusu rangi, nakuomba usiwasikilize rafiki zako. Mseto huunganishwa wote kwanza ukiwa na kutu yake, hadi usimame juu ya magurudumu yake na kila waya na kebo ipate njia, ndipo ufunguliwe tena na kupelekwa kwenye rangi. Anayeipaka fremu rangi mwanzoni hujikuta baadaye akitoboa tundu au kuchomelea kishikizo juu ya rangi hiyo hiyo, au, baya zaidi, akiogopa kufanya marekebisho yanayostahili kwa kuihurumia.

Mwongozo wako wa kwanza ni mstari wa katikati wa fremu. Funga gurudumu la nyuma na uhakikishe kwamba ringi iko katikati ya mkono wa nyuma, yaani uma unaolishika gurudumu hilo na kupanda na kushuka nalo. Ikiwa imeegemea upande mmoja, spoki zinaweza kukazwa na kulegezwa hadi ringi ihame milimita kadhaa. Hapo ndipo injini iletwe. Sproketi ya giaboksi na ile ya gurudumu lazima zikae katika mstari mmoja, nao hupimwa kwa rula ndefu ya chuma iliyolazwa ubavuni mwa sproketi ya nyuma. Kwa kuwa giaboksi yako imetengana na injini, una cheni mbili za kusawazisha, na ile ya mbele, inayotoka kwenye krankshafti kwenda kwenye klachi, haikuachii uhuru mkubwa, kwa sababu kasha lake ndilo linaloamua umbali kati ya injini na giaboksi. Njia ninayoipendekeza ni kuvifunga injini, giaboksi na kasha hilo viwe kitu kimoja juu ya meza, kuviingiza pamoja ndani ya fremu, kuviegemeza kwa vipande vya mbao na kuvisogeza hadi cheni ya nyuma inyooke. Kisha upime mahali vilipo na kukata bamba za kushikia injini, za kwanza kwa plaiwudi, na za mwisho kwa aluminiamu nene au chuma baada ya kuridhika. Usikate wala kusaga masikio ya fremu ili injini iingie. Bamba zikikosewa hutengenezwa nyingine, lakini fremu iliyosagwa haina mbadala.

Pistoni mbili za injini hii hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo mtikisiko wake si mdogo. Kiungo kinachokifunga kichwa cha silinda kwenye fremu ni lazima, ingawa wengi hukiona kama pambo. Halafu, kabla ya kuamua urefu wa cheni ya nyuma, zitoe shokapu na uinue mkono wa nyuma taratibu hadi sproketi ya giaboksi, egemeo la mkono na ekseli viwe katika mstari mmoja: hapo ndipo cheni hukaza kuliko mahali pengine popote, na hata hapo lazima ibaki na ulegevu kidogo.

Foki za BSA ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi katika orodha yako. Kuzifunga kwenye fremu ya Norton si kazi ngumu kwa mkerezaji mzuri, ambaye atakutengenezea mhimili mpya au bushi za kufanya beringi zikae, lakini foki zinazofungika si lazima ziwe foki zinazofaa. Chora mstari wa kufikirika kupitia mhimili wa usukani hadi chini, uweke alama mahali unapogusa sakafu. Kisha weka alama nyingine wima chini ya ekseli ya mbele. Alama ya ekseli lazima iwe nyuma ya ile ya kwanza, na katika pikipiki nyingi umbali kati yake huwa baina ya milimita 80 na 120. Foki fupi hupunguza umbali huo, na vishikizo vinavyozisogeza foki mbele ya mhimili huupunguza pia; ukipungua mno, usukani huwa mwepesi na kuanza kutikisika kwa kasi. Pima pikipiki ikiwa imebeba uzito wake wote, pamoja na mtu aliyeketi juu yake.

Neno moja kuhusu ung'arishaji: ekseli na bolti za chuma kigumu zisichovywe kromu kwa ajili ya sura tu. Haidrojeni inayopenya ndani ya chuma wakati wa kuchovya hukifanya kiweze kuvunjika ghafla kisipookwa mara baada ya kazi hiyo.

SWALI: Nina spana za milimita na za inchi, lakini hakuna inayoshika sawasawa kwenye bolti za injini yangu ya Kiingereza, na nati moja iliyoingia vizuri mwanzoni imekula hesi. Kosa liko wapi?

JIBU: Bolti zako zinahitaji spana za Whitworth, mfumo wa kale wa Uingereza wa vipimo vya bolti, ambazo huandikwa kipenyo cha bolti, si upana wa kichwa chake. Spana iliyoandikwa robo inchi ya Whitworth ina mdomo wa takriban milimita 13.3, kwa hiyo ile ya milimita 13 haiingii na ya 14 huteleza na kuviringisha pembe za nati. Seti moja ya spana hizo ni manunuzi ya kwanza, kabla ya kipande chochote cha injini.

Hesi, yaani mifereji inayoizunguka bolti, zina mtego mkubwa zaidi. Pikipiki za Uingereza zilitumia mifumo kadhaa kwa wakati mmoja: Whitworth yenye hesi pana, hasa kwenye aluminiamu ambayo ni laini, BSF yenye hesi nyembamba zaidi, na ile ya baiskeli iitwayo CEI. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilihamia hatua kwa hatua kwenye mfumo wa Unified, ambao hesi zake nyembamba huitwa UNF. Bolti ya inchi 3/8 ina hesi 20 kwa inchi katika BSF, 24 katika UNF na 26 katika CEI, na tofauti hiyo utaihisi mkononi. Hatari iko katika saizi ya robo inchi, ambapo BSF na CEI zote zina hesi 26, lakini pembe ya hesi za BSF ni nyuzi 55 na ya zile za CEI ni nyuzi 60. Nati itapanda, itakaza kidogo, kisha itakula hesi, na nadhani ndivyo ilivyotokea kwako. Tumia geji ya hesi iliyoandikwa pembe, na kila bolti unayoitoa uifunge kwa waya pamoja na kipande chake.

SWALI: Je, naweza kubadilisha umeme kutoka volti 6 kwenda volti 12 bila kuondoa dainamo ya Lucas?

JIBU: Unaweza. Dainamo ya Lucas aina ya E3L, ya wati 60, hufanya kazi kwa volti 12 ikipewa regyuleta (kidhibiti cha volti) ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na kwa wati zile zile mkondo katika nyaya hupungua nusu. Balbu na honi vibadilishwe pamoja na betri. Magneto, kifaa kinachowasha mafuta ndani ya injini, haihusiki, kwa kuwa huzalisha cheche zake yenyewe. Hakikisha tu upande wa ardhi kabla ya kuunganisha: pikipiki nyingi za aina hii hutumia ncha chanya ya betri kama ardhi, na regyuleta iliyotengenezwa kwa ncha hasi huungua mara moja.

SWALI: Tangi langu lina tundu dogo chini. Limekaa tupu kwa miaka mingi. Nilichomelee?

JIBU: Hapana, usilichomelee hivyo hivyo. Mabaki ya petroli yaliyojificha ndani ya kutu hutoa mvuke yanapopata joto, na tangi tupu lenye mvuke hulipuka. Mpelekee fundi wa matangi, mwambie lilikuwa na petroli, naye alioshe kabisa kabla ya kuligusa kwa moto.