Maswali ya Wasomaji: Kugawa Sebule Bila Kuzima Mwanga

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ukumbi mmoja wenye sebule, meza ya chakula na jiko ugawanywe vipi bila kubaki na giza wala joto? Majibu yetu yote yanaanzia mahali pamoja. Kabla hujachagua mbao, kioo au pazia, simama katikati ya chumba wakati wa mchana uangalie mwanga unaingilia wapi, na upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Kazi ya kigawanyo ni kuziba macho ya mtu. Kikiziba dirisha, kimewekwa mahali pasipofaa.

Swali: Ukumbi wetu una urefu wa mita 9 na upana wa mita 4. Madirisha yote yako kwenye ukuta mmoja mfupi, upande wa sebule. Jiko liko mwisho wa pili na lina mlango wa nyuma. Tunataka wageni walioketi sebuleni wasione jikoni. Fundi ametushauri tujenge ukuta hadi nusu ya upana. Je, hautatuletea giza?

Jibu: Utawaletea. Ukuta unaokabiliana na dirisha hukinga mwanga wote unaoufikia, ilhali ule ulioelekeza ubavu wake dirishani haukingi sana. Kwa umbo la ukumbi wenu, ukuta wa kuficha jiko lazima ukabiliane na madirisha. Kwa hiyo uacheni, msimamishe papi za mbao (vipande virefu vyembamba) zilizo wima kuanzia sakafuni hadi darini.

Ila msije mkakilaumu kigawanyo kwa giza lisilo lake. Kwa kawaida mwanga wa dirisha hutosha hadi umbali wa mara 2 au 2.5 ya kimo cha ukingo wake wa juu kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 2.1 huangaza vizuri mita 4 hadi 5 tu. Sehemu ya jiko ilikuwa hafifu tangu mwanzo, na dawa yake ni rangi nyeupe kwenye ukuta wa mwisho, taa nzuri juu ya meza ya kazi, na mlango wa nyuma wenye kioo ikiwezekana.

Sasa vipimo. Tumieni papi zenye uso wa mm 30 na kina cha mm 70, uso mwembamba ukielekea sebuleni, na uwazi wa mm 60 kati yake. Hapo theluthi mbili za upana zinabaki wazi kwa mwanga na upepo. Anayetazama moja kwa moja ataona upande wa pili, lakini anayetazama kwa mshazari wa zaidi ya digrii 40 hivi ataona mbao tupu. Ndiyo maana sofa na kigawanyo vipangwe pamoja: viti vikae mahali ambapo jiko linatazamwa kwa mshazari, na kazi ya kuficha itakuwa imekwisha.

Kigawanyo cha sm 180 kitawaachia njia ya mita 2.2. Idadi ya papi inapatikana hivi: uwazi wa kwanza ukae ukutani na papi ya mwisho ikae ukingoni, kisha gawanyeni mm 1,800 kwa 90 (yaani 30 na 60). Mnapata papi 20 kamili. Upana ukiwa mm 1,750, jibu ni 19 na kitu. Chukueni 19, kisha toeni unene wa papi zote (mm 570), na kinachobaki kigawanywe kwa 19. Uwazi unakuwa mm 62 hivi, na hakuna jicho litakalotambua tofauti.

Fundi asipime kutoka papi hadi papi. Kosa la mm 1 kila mara ni mm 20 mwishoni, na pengo la mwisho litaonekana mbovu. Alama zote zipimwe kutoka ukutani: 60, 150, 240, 330, na kuendelea. Aziweke kwenye mbao ya chini, kisha azihamishie kwenye mbao ya juu kwa timazi (uzi wenye uzito unaoonyesha wima). Mbao ya juu lazima ishike kwenye mbao za dari au zege lenyewe. Ikifungwa kwenye bodi ya jipsamu peke yake, kigawanyo kizima kitatikisika mtoto akikishika.

Kila papi ikatwe kwa kipimo chake, kwa kuwa sakafu na dari ni nadra kulingana kabisa. Ifungwe kwa skrubu mbili kila ncha. Yenye skrubu moja huzunguka baada ya muda. Mbao ziwe kavu kweli, na zilale ndani ya chumba hicho kama wiki moja kabla ya kukatwa. Mbao mbichi hupinda ikiwa imeshafungwa, na papi moja iliyopinda huharibu mstari mzima. Rangi au vanishi ipakwe kabla ya kusimamisha, maana brashi haitazunguka vizuri ndani ya uwazi wa mm 60.

Swali: Tulitaka rafu ya vitabu itenganishe sebule na meza ya kusomea, tukaiondolea mgongo ili mwanga upite. Sasa inayumba. Tatizo ni skrubu?

Jibu: Skrubu hazina kosa. Ule ubao mwembamba wa nyuma ndio uliokuwa unaizuia rafu isilale upande. Ukiutoa, kinachobaki ni miraba inayoweza kupinda kwenye kila kona, hata skrubu zikazwe vipi. Rudisheni mgongo kwenye baadhi ya vyumba vya rafu tu, plaiwudi ya mm 6 ikibandikwa kwa gundi na kupigwa skrubu pande zote nne. Kwa rafu yenye vyumba 20, kuziba 5 kunatosha kwa kawaida, mradi visikusanyike pamoja: kimoja karibu na kila kona na kimoja katikati.

Hilo linaondoa kuyumba, lakini haliondoi hatari ya kuanguka. Rafu ndefu yenye kina cha sm 30 iliyosimama katikati ya chumba inaweza kumwangukia mtoto anayeipanda. Ubavu mmoja ufungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, juu na katikati, na ubavu ulio huru ufungwe sakafuni au darini. Vitabu vizito vikae chini. Ubao wa chipbodi wa mm 18 usivuke sm 60 bila nguzo chini yake, la sivyo utalegea katikati kwa uzito wa vitabu.

Mwanga nao una sharti: theluthi moja ya vyumba ibaki tupu, hasa vile vilio kwenye kimo cha macho. Rafu iliyojazwa vitabu kote ni ukuta.

Na anayetaka kutengeneza rafu mpya ajue hili: rafu ya sm 240 yenye kina cha sm 30 haisimamishwi chini ya dari ya sm 240, wala ya sm 241. Ikiinuliwa kutoka sakafuni, kona yake hupita kimo cha karibu sm 242. Iunganishwe ikiwa wima, au ipunguzwe.

Swali: Tumejenga ukuta wa jipsamu hadi darini kutenga kona ya kazi, tukaacha mlango. Mchana kona hiyo haikaliki kwa joto. Tununue feni?

Jibu: Feni itazungusha hewa ile ile. Upepo huingia chumbani pale tu unapokuwa na pa kutokea, na ukuta wenu umefunga njia. Hewa ya moto nayo hupanda, na darini imekosa upenyo. Kateni matundu juu ya ukuta, karibu na dari, na mengine chini, sm 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Uwazi mdogo kuliko wote katika njia ya upepo ndio unaoamua kiasi kitakachopita, hivyo tundu moja la ukubwa wa kitabu halitabadilisha kitu. Lengeni jumla ya uwazi inayokaribia sehemu ya dirisha inayofunguka.

Nguzo za chuma ndani ya ukuta wa aina hiyo kwa kawaida huwa kila sm 60 au sm 40. Zitafuteni kwa sumaku, mkate katikati yake, na nguzo yenyewe isiguswe. Kabla ya msumeno, zimeni umeme na mhakikishe hakuna waya unaopita hapo. Kingo za tundu zizungushiwe chuma au mbao ndani, kisha zifunikwe kwa kona za chuma na plasta, maana ukingo wa jipsamu ulio wazi humeguka kila ukiguswa. Tundu la juu mkiliwekea kioo, mtapata mwanga lakini joto litabaki palepale. Liacheni wazi au liwe na vibao vya mshazari.

Swali: Kioo au polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga)? Nataka kutenga meza yangu ya kazi na kelele za runinga.

Jibu: Kwa mwanga, vyote vinafaa. Kwa kelele, hakuna kitakachokusaidia ukiacha uwazi juu, na ukifunga kote utarudi kwenye tatizo la hewa la msomaji aliyetangulia. Amua kipi kinakusumbua zaidi.

Kioo kiwe cha usalama, kilichoimarishwa kwa joto au cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Hesabu uzito kwanza: kila mm 1 ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bamba la mm 10 lenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2.2 lina kilo 55. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutengenezwa. Nafasi ipimwe mara tatu kwa upana (juu, katikati, chini) na mara tatu kwa kimo, uagize kwa kipimo kidogo kuliko vyote ukitoa na nafasi ya mpira wa kingo. Bandika mstari kwenye kimo cha macho ili watu wasijigonge.

Polikaboneti yenye mifereji ya mm 10 ina uzito wa kilo 1.7 hivi kwa mita ya mraba, na inaficha sura huku ikipitisha mwanga. Hutanuka kwa joto, kwa hiyo acha mm 3 kwa kila mita ndani ya fremu. Ikibanwa itavimba katikati. Isafishwe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni tu. Ikikwaruzwa haitengenezeki.

Swali: Nimepanga, siruhusiwi kutoboa chochote. Nifanye nini?

Jibu: Geuza mgongo wa sofa kuelekea meza ya chakula, uache sm 90 za kupita. Macho ya mtu aliyeketi yako kwenye sm 110 hadi 120 hivi, kwa hiyo rafu fupi ya sm 120 nyuma ya sofa inatosha kuficha meza, na juu yake mwanga na upepo vinapita bila kizuizi. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya sofa. Dogo linaloelea katikati haligawi chochote.

Ukihitaji pazia, tumia nguzo mbili za kukaza (zinazorefushwa hadi zijibane zenyewe bila skrubu) kati ya sakafu na dari, ukiweka kipande cha ubao juu ya kila moja ili zisitoboe dari. Dari ikiwa ya jipsamu, nguzo zikae chini ya mbao za dari. Kitambaa kiwe chepesi, upana wake mara mbili ya nafasi (mita 3 za uwazi, mita 6 za kitambaa), kiishie sm 1 juu ya sakafu, na pindo la chini litiwe mnyororo mwembamba wa uzito. Usipoutia, upepo wa kwanza utalifunga pazia kwenye miguu ya viti.