Seli Huzitambuaje Kromatidi Pacha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba seli ya binadamu inapojiandaa kugawanyika hunakili kromosomu zake zote 46, hivyo kiini kimoja huwa na kromatidi 92, yaani nakala mbili za kila kromosomu. Katika msongamano huo, seli hujuaje kromatidi ipi ni pacha ya ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako linachukulia kwamba pacha hizo hupoteana kwanza, kisha hutafutana, ilhali kwa kweli hazipoteani kamwe. (Vitabu vingine huziita kromatidi dada, mimi napendelea pacha, kwa kuwa mfuatano wao wa DNA hufanana kuliko wa ndugu wa kawaida.) Kabla unakili haujaanza, uzi wa DNA huwa tayari umevishwa pete za protini iitwayo kohesini, na mitambo ya kunakili inapopita na kuacha nyuzi mbili pale palipokuwa na mmoja, nyuzi zote mbili hujikuta ndani ya pete. Papo hapo kimeng'enya kingine huitia pete alama ya kikemikali inayoizuia isifunguke ovyo.

Pete hizo zina kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Wakati wa mgawanyiko, nyuzi za kuvuta hutoka kwenye ncha mbili za seli na kuzinasa kromatidi penye sentromia, yaani sehemu ya kromosomu ambapo nyuzi hizo hushikilia. Pacha zikivutwa pande mbili tofauti huku pete zikigoma kuachia, hutokea mvutano, na mvutano huo ndio unaoithibitishia seli kwamba zimenaswa sawasawa. Zikinaswa zote na upande mmoja, uzi wa kuvuta hulegea, huachia, kisha hunasa upya. Kromosomu zote zikishakuwa tayari, seli huiharibu protini inayokizuia kimeng'enya kiitwacho separesi, nacho hukata kipande kimoja cha kila pete iliyosalia, na pacha huachana kwa mara ya kwanza tangu zilipoumbwa.

Katika yai la mwanamke, pete hizo huwekwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, kisha hungoja miaka mingi. Majaribio ya panya yanaonyesha kwamba haziwekwi upya, bali hupungua kadiri umri unavyosonga. Hiyo hudhaniwa kuwa miongoni mwa sababu za mayai ya mama mwenye umri mkubwa kubeba mara nyingi zaidi kromosomu ya ziada, kama ile ya 21 inayosababisha hali ya Down.