Depo haijakuunguza kizazi
Dada wa Kayole, umeuliza kama Depo, ile sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi 3, imekuunguza kizazi kwa sababu sindano ya mwisho ulidungwa Januari na mpaka leo hedhi haijarudi. Mama mkwe akisema hivyo, msamehe tu. Dawa ile hukaa kwenye msuli na kuingia damuni polepole. Ile miezi 3 ni muda wa kuaminika wa kinga, si muda wa dawa kuisha mwilini. Ikiwa bado imo, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo haitoi ile homoni ya LH kwa wingi wa kulitoa yai kwenye ovari, na ukuta wa mfuko wa uzazi unabaki mwembamba. Damu itoke wapi?

Wengi hushika mimba karibu miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine huchukua hata mwaka na nusu. Jirani yako alikuwa na kijiti cha kupanga uzazi, kile cha mkononi, usijilinganishe naye: kikitolewa, yai linaweza kurudi ndani ya wiki chache.

Hata hivyo pima mimba, maana yai hutangulia hedhi na unaweza kushika bila kuona damu. Ukiwa umepita miaka 35, nenda kliniki sasa, usingoje. Na mzee wako naye apimwe mbegu. Hizo dawa za kuosha kizazi wanazokuuzia pale stejini, achana nazo kabisa.